Robo Saa Iliyoifuturisha Bodo

Chirau bin Mangi aliadhini katika msikiti wa Bodo kwa miaka ishirini na saba, na katika miaka hiyo yote alisahihishwa mara moja tu. Lililomsahihisha lilikuwa jua lenyewe, mbele ya kijiji kizima, watu wana tende midomoni.

Wako wanaoisimulia habari hii kwa kicheko, hasa vijana wa Msambweni ambao siku ile hawakuwapo. Mimi sioni cha kuchekesha. Mtu kashinda na njaa na kiu tangu alfajiri, kaitikia sauti anayoiamini, halafu anaambiwa funga yake haipo! Hebu acheni.

Kwanza mjueni Chirau mwenyewe. Kazi yake ilikuwa makuti. Yeye na mkewe Mwanatumu walishona makuti ya kuezekea, na mapaa mengi ya hoteli za Diani yalipita vidoleni mwao. Ujanani alikwea minazi, lakini alipotimiza hamsini goti likamgomea, akabaki chini kushona. Hiyo ilikuwa riziki tu. Heshima yake ilikuwa sauti. Akisimama mlangoni mwa msikiti, mikono masikioni, hata mbuzi walinyamaza, au ndivyo alivyopenda kuamini. Na alikuwa na saa ya mkononi, ya kamba ya ngozi, aliyoiweka sawa kila siku kwa milio ya redio. Tuseme ukweli, alikuwa na kiburi kidogo cha saa. Ukimwambia kachelewa, hakujibu kwa mdomo, alipandisha mkono wa kanzu akakuonyesha.

Mamake, Bi Mwanapili, alikuwa hai bado, ana miaka themanini na zaidi, macho mazima na ulimi mkali. Aliishi chumba cha nyuma nyumbani kwa mwanawe. Mumewe, Mangi, alifariki mwishoni mwa mwaka wa arobaini na moja, Chirau akiwa mtoto wa miaka minane. Mwanapili alikuwa na miaka ishirini na sita wakati huo. Waliompelekea posa baadaye hawakuwa wachache, na wote aliwarudisha walikotoka.

Mangi alikuwa tarishi kwenye ofisi ya serikali kule Vanga, ofisi yenye saa kubwa ya ukutani. Mkubwa wake alimpa saa ya mfukoni iliyopasuka kioo. Basi mwaka mzima wa thelathini na tisa, kila asubuhi Mangi aliilinganisha saa yake na ile ya ukutani, na kila jioni alikwenda kusimama mahali pa wazi, akatazama jua likizama nyuma ya mikoko, akaandika. Tarehe, saa, dakika. Siku za mawingu alizikisia kati ya jana na kesho. Siku mia tatu sitini na tano, kwa herufi za Kiarabu, kwenye karatasi nne kubwa. Hakuacha shamba wala nyumba ya mawe. Alichoacha duniani ni mwana mmoja na karatasi zile nne.

Nazo zilikaa sandukuni mwa Bi Mwanapili miaka hamsini na sita, zimefungwa kwenye kitambaa. Hazikutumika. Mbingu ikiwa nyeupe nani ahangaike na karatasi? Mtu anatazama jua linakwenda zake, anafuturu. Baadaye zikaanza kuja kalenda za Ramadhani zilizopigwa chapa Mombasa, kila mwaka moja ikabandikwa ukutani msikitini, na karatasi za Mangi zikazidi kulala.

Mpaka ikaja Ramadhani ya mwanzo wa mwaka wa tisini na nane. Mvua ile ya Elinino mnaikumbuka? Ilianza Oktoba ikawa haijui kwisha. Visima vilijaa hadi mdomoni, barabara ya kwenda Likoni ilikatika mara huku, mara kule, na mbingu ilifunikwa wiki nzima nzima hata kuku hawajui saa ya kulala. Kalenda ya Mombasa haikufika. Ile ya mwaka wa jana ilikuwa imelowa paa lilipovuja, ikawa uji ukutani.

Siku moja kabla ya mwezi mosi, Chirau aliketi barazani kwake kichwa chini.

"Jua silioni, kalenda sina," alimwambia mamake. "Nitaadhini kwa kubahatisha?"

Bi Mwanapili aliinuka, akaingia ndani. Alirudi na kitambaa. Alikifungua magotini polepole, na Chirau akaona mwandiko wa babake kwa mara ya kwanza tangu utoto.

"Babako atakuadhinisha," alisema. Alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka.

Watu wakaulizwa, mwaridhia? Nani asingeridhia! Imamu, Mwalimu Fondo, alizitazama karatasi, akasifu mwandiko, akasema jua la Januari ni lile lile kila Januari. Zikabandikwa msikitini penye ukuta mkavu. Siku hiyo Chirau alipita kijijini kifua mbele. Babake tarishi, aliyekuwa akitumwa na kila mtu, leo Bodo nzima itafuata kalamu yake.

Karatasi ilisema saa kumi na mbili na dakika ishirini na kitu. Giza la mvua lilikuwapo tangu saa kumi, kwa hiyo macho hayakupinga. Chirau aliadhini, watu wakala tende, wakaswali magharibi, wakaenda majumbani kwa mihogo ya nazi na uji. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Siku hiyo ya tatu ndipo Nahashon aliposema neno. Huyu Nahashon alikuwa mtu wa bara, mkristo, aliyefanya kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja ya Diani. Wageni walipokauka baada ya zile fujo za Likoni za Agosti, hoteli ikafunga, naye akaja kwa wakwe zake Bodo akafungua kioski cha sukari na mafuta ya taa. Siku hizo Chirau aliiweka saa yake sawa kwa redio hiyo.

"Mzee, samahani," Nahashon alisema. "Nyinyi mmefuturu, si ndiyo? Lakini redio imeadhini sasa hivi. Ni kama dakika ishirini baada yenu. Si hiyo difference ni kubwa sana?"

Chirau alicheka, akamgonga bega. "Mwanangu, hiyo ni adhana ya Nairobi. Sisi tuko mashariki, jua linatuaga mapema. Nairobi hukawia. Wewe uza sukari yako."

Na watu waliokuwa pale kioskini wakacheka pia, wakaona Chirau kamweka mgeni sawa. Jambo lenyewe lilikuwa na ukweli ndani yake, hilo ndilo baya. Jua la Nairobi kweli hukawia, lakini dakika tano, sita. Hizo nyingine hakuna aliyeziuliza zimetoka wapi. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Siku ya kumi na moja mvua iliacha kunyesha alasiri, ingawa wingu lilibaki pale pale, zito, jeusi. Wanaume walijaa barazani msikitini. Karatasi ilisema saa kumi na mbili na dakika ishirini na sita. Chirau aliitazama saa yake, akasubiri mshale, akaadhini. Aliadhini vizuri siku ile. Mwanatumu alisema baadaye kwamba hakuwahi kumsikia mumewe akiadhini vizuri kama siku ile.

Alipomaliza, akachukua tende yake kwenye sahani, akasema bismillahi, akatafuna. Ndipo wingu lilipopasuka upande wa magharibi.

Likatoka jua. Sisemi mwanga wa jua, nasema jua lenyewe, duara zima, jekundu, limekaa juu ya mikoko kiasi cha vidole viwili. Liliwamulika wote pale barazani: ndevu, kofia, sahani za tende, vikombe vya kahawa, midomo inayotafuna.

Mzee mmoja alibaki na kikombe hewani. Mwingine aliangalia tende iliyoumwa nusu mkononi mwake kana kwamba hajui kaitoa wapi.

"Zuieni!" Mwalimu Fondo alipiga kelele. "Zuieni midomo! Temeni! Lahaula wala kuwata, temeni!"

Zikaanza kutemwa. Yarabi, sauti ile! Watu wazima, wenye wajukuu, wanatema tende uani msikitini. Kutoka majumbani kukasikika wanawake wakiulizana kwa sauti, "Jua hilo! Mwaliona? Jua!" Mtoto akalia kwa kunyang'anywa kitumbua.

Chirau hakutema. Alikuwa ameshameza. Alisimama katikati ya uwanja, macho mara kwa jua, mara kwa saa yake, akalihesabia dakika mpaka lilipozama. Lilizama saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja. Robo saa. Alihesabu tena vidoleni. Robo saa kamili, haipungui, haizidi.

Ghadhabu zikaja baada ya mshtuko, kama ilivyo ada.

"Siku kumi na moja!" mtu alisema. "Siku kumi na moja tumefuturu mchana!"

"Tumemfuata tarishi! Tarishi anajua nini mambo ya jua?"

"Labda Mangi alilitazama jua akiwa na kibuyu cha tembo la mnazi," mwingine akasema, na huyo hata hakuwahi kumwona Mangi.

Hilo ndilo lililomchoma Chirau. Yeye angetukanwa angevumilia, lakini babake amelala kaburini miaka hamsini na sita na hajawahi kugusa tembo hata kwa kidole. Karatasi iko ukutani, jua limeonekana, aseme nini?

Mwalimu Fondo aliwanyamazisha. "Siku tutazilipa. Aliyefuturu akidhani jua limetua hana dhambi, ila siku yake ataifunga tena. Hilo tumeelewana." Kisha akamgeukia Chirau, na sauti yake haikuwa kali, ilikuwa ya huzuni. "Ijumaa kabla ya swala utasimama uwaambie watu ilikuwaje. Ikiwa babako aliandika uongo, karatasi zitatoka humu, na adhana itapata mwenyewe mwingine. Mpaka Ijumaa usiadhini."

Fikirieni. Miaka ishirini na saba, halafu usiadhini.

Asubuhi yake Chirau alikwenda kioskini kwa Nahashon. Hakujua kwa nini anakwenda huko, labda kwa sababu Nahashon peke yake ndiye aliyekuwa na haki ya kumcheka, na Chirau alitaka yaishe. Lakini Nahashon hakucheka.

"Robo saa kamili, mzee? Kila siku?"

"Kila siku ya karatasi. Nimelinganisha na adhana za redio yako za siku zote hizi, nikatoa zile dakika tano za Nairobi."

"Basi hiyo si makosa ya mtu," Nahashon alisema. "Mtu akikosea anakosea dakika tisa, kesho kumi na tatu. Hiyo ni saa imesongeshwa. Kule hoteli tulikuwa na saa nne ukutani, za miji ya kina wageni. Kila Machi mimi ndiye nilikuwa napanda kiti nazisongesha mbele saa nzima, Oktoba narudisha. Serikali zao zinaamua, watu wote wanafuata."

Chirau alimkodolea macho. "Serikali inasogeza saa?"

"Yes. Ndiyo wapate mwanga jioni."

"Na jua?"

"Jua wanaliacha tu hapo."

"Astaghfirullah!" Chirau aliketi juu ya gunia la sukari. Miaka yote alidhani saa ni kitu kama mzani, ratili ni ratili. Kwamba mtu anaweza kukaa ofisini akasema leo saa sita iwe saa saba, na watu wenye akili timamu wakakubali! "Na sisi huku? Sisi pia?"

"Kwa sasa hapana. Zamani sijui. Uliza mtu wa posta wa enzi hizo. Saa zilikuwa zinakuja kwa simu ya waya."

Mtu huyo alikuwapo Msambweni, Mzee Randu, mtu wa kule Kinango, aliyeanza posta akiwa kijana wakati wa vita vya Hitler na kustaafu mvi zimejaa. Jumatano Chirau alivua viatu, akakata matope mpaka barabara kuu, akapewa lifti na lori lililotoka Lunga Lunga na shehena ya vitunguu. Alimkuta Randu barazani anakunywa chai. Mzee alipomwona mgeni ana kofia, alisukuma kikombe nyuma ya kiti.

"Shikamoo, Mzee Randu."

"Marahaba. Karibu, keti. Chai sikupi, najua mwezi mmo ndani."

Chirau alimweleza yote, tangu saa ya mfukoni hadi tende. Randu alisikiliza mkono shavuni. Aliposikia jina la Mangi aliinua kichwa.

"Mangi wa Vanga? Yule mtu wa jua? Nilimjua! Alikuja posta kuuliza kama saa ya waya yafanana na ya ofisini kwao. Tarishi, lakini alikuwa na akili ya ofisa." Kisha akatikisa kichwa. "Mwanangu, babako hakukosea hata dakika. Mwaka wa thelathini na tisa saa ya Kenya haikuwa hii. Ilikuwa nyuma ya hii kwa robo saa."

Chirau aliitazama saa yake ya mkononi.

"Agosti mosi, mwaka wa arobaini na mbili, ikaja amri. Vita vimepamba moto. Kila saa ya serikali isukumwe mbele robo. Mimi mwenyewe nilipanda ngazi nikaisukuma ya posta kwa kidole hiki. Na msidhani ndiyo mara ya kwanza! Mwaka wa ishirini na nane walisukuma nusu saa. Haikutimia miaka miwili, wakairudisha. Thelathini na saba wakaongeza robo. Arobaini na mbili, robo nyingine, ndiyo hii mpaka leo. Mara nne katika miaka kumi na minne! Mamangu alikuwa akisema serikali ina washawasha."

"Mara nne," Chirau alirudia. "Na watu wakanyamaza?"

"Nani Bodo alikuwa na saa, anyamaze au aseme? Watu walikuwa na jua."

Chirau alishika kichwa. Kumbe babake alikuwa sahihi! Furaha ilimpanda hadi akataka kumbusu yule mzee mikono. Ijumaa atasimama awaambie, na yule wa kibuyu cha tembo atatafuta pa kuficha uso. Alikuwa ameshainuka kuaga, Randu aliposema, "Lakini mbona wanisumbukia mimi? Mamako hakukwambia?"

"Aniambie nini?"

"Si nilimpelekea habari! Amri ilipokuja nikaikumbuka karatasi ya marehemu. Nikaona watu wataitumia, wataharibikiwa. Nikapanda baiskeli mpaka Bodo, nikamwambia mjane: ongeza robo saa kila siku, au nipe nikuandikie. Alinifukuza. Wallahi, alinifukuza na mwiko mkononi."

Chirau alirudi Bodo kwa miguu nusu ya njia. Mvua ilimnyeshea, hakujali. Alichokuwa akikiona mbele yake ni mamake akifungua kitambaa magotini, anatabasamu. Alijua? Alijua na akampa?

Alimkuta anachambua mchele. Hakumwamkia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ajue kusema.

"Mama, Randu wa posta alikuja hapa mwaka wa arobaini na mbili?"

Vidole vya Bi Mwanapili vilisimama juu ya ungo.

"Alikuja kijana na baiskeli," alisema mwishowe. "Akasema saa imeongezwa, niifute kazi ya babako aandike yake. Nikamuuliza: jua limehama? Akasema hapana, ni saa tu. Nikamwambia basi nenda zako na saa yenu. Mume wangu aliandika jua."

"Aliandika jua kwa saa, mama! Kwa saa ya siku zile!"

"Mimi nilijuaje? Sikuwa na saa. Hata leo sina." Akarudisha vidole mcheleni. "Babako alikuwa na miezi minane kaburini, Chirau. Nguo zake wamegawana ndugu. Saa yake ya mfukoni wameichukua. Kilichobaki ni mwandiko, na huyo anataka kuukata. Nilisema hamgusi. Nikafunga sandukuni, na huo mwaka ukapita, na miaka ikapita, nikasahau. Wallahi nilisahau. Ulipokosa kalenda nilifurahi tu, nikasema leo atatumika." Akamtazama mwanawe kwa mara ya kwanza. "Ni mimi niliyewafuturisha watu mchana?"

Chirau alikuwa amekuja na maneno mengi. Aliketi chini kando ya ungo, akachukua punje za mchele, akaanza kuchambua naye.

Ijumaa msikiti ulijaa. Hata wanawake walikuwapo, nyuma ya pazia lao, na Bi Mwanapili katikati yao, ameshikiliwa na Mwanatumu. Khutba ilikuwa haijaanza. Mwalimu Fondo alimwita Chirau, naye akasimama mbele ya watu aliowaadhinia maisha yao yote.

Alieleza vizuri. Aliwaambia habari ya saa iliyosukumwa, akaitaja miaka, akamtaja Randu. Watu walistaajabu, wengine wakapiga makofi ya mshangao. "Mara nne? Serikali?" Yule wa kibuyu cha tembo aliinamisha kichwa. "Basi babangu aliandika haki," Chirau alisema. "Kosa ni langu. Nahashon aliniambia siku ya tatu tu, nikamcheka. Kuuliza si ujinga, na mimi sikuuliza. Nilaumuni mimi."

Angeketi hapo, mambo yangekwisha. Lakini mtu mmoja mzima, mstaarabu, aliuliza bila ubaya wowote: "Na hiyo amri ya arobaini na mbili, ndugu yangu, ilipita hivi hivi? Hapa Bodo hakuna aliyeambiwa?"

Chirau aliangalia chini. Aliona mkeka, aliona vidole vya miguu yake. Alijua yuko wapi, mwezi gani, na nini kimo tumboni mwake tangu alfajiri, yaani hakuna kitu.

"Hakuna," alisema. "Hakuna aliyeambiwa."

"Mwongo!"

Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Msikiti mzima uligeuka. Tangu Bodo iwe Bodo, sauti ya mwanamke haijapata kupandishwa namna ile siku ya Ijumaa.

"Bi Mwanapili..." Mwalimu Fondo alianza.

"Niache, Fondo, nimekupakata wewe." Pazia lilitikisika. "Niliambiwa. Randu alinijia mlangoni, nikamfukuza na mwiko. Nilikuwa mjane, sina kitu cha mume wangu ila karatasi zile, sikutaka mtu azitie kalamu. Msimlaumu Mangi. Msimlaumu na huyu. Ni mimi."

Chirau alifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Siku zenu kumi na moja," Bi Mwanapili aliendelea, na sasa sauti ilikuwa imechoka, "kila mtu atalipa za kwake. Sina nguvu za kukifungia kijiji. Naomba radhi. Lakini mwanangu leo amefunga, na katika nyumba hii amesema uongo kwa ajili yangu. Funga yake ya leo kaichafua kunisitiri mimi. Hiyo nitaifunga mimi. Mwezi ukiisha, nikiwa hai, nitaifunga, na asije mtu akaniambia mimi ni mzee."

Mwalimu Fondo alikuwa ameshika fimbo yake ya khutba. Alitazama karatasi nne ukutani, akatazama pazia, kisha akamtazama Chirau, ambaye mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Chirau," alisema. "Wakati umefika. Adhini."

Chirau aliweka mikono masikioni. Sauti haikutoka mara moja, wala mara ya pili. Watu walimngoja.